Mashine moja ya kazi tatu, au kila moja peke yake? (ya nyumbani, si ya biashara)

bomba_mraba (Arua)

Salamu ndugu zangu. Nataka kuanza kuchomelea nyumbani, kurekebisha vyangu na kujifurahisha, si kufungua karakana. Kazi zenyewe ni meza na stuli za bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa 1.5, keria ya pikipiki, bawaba za geti kwenye chuma cha engo cha milimita 5, na mara mojamoja sufuria ya alumini iliyotoboka.

Nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni inveta moja (mashine ya kuchomelea ya kielektroniki) inayofanya MIG (waya unaojilisha wenyewe kwenye tochi), TIG (moto wa ncha ya tungsteni ndani ya gesi) na rodi (vijiti vya kuchomelea vilivyopakwa), imeandikwa 200 A (ampea). Ya pili ni kununua mashine ndogo ya rodi sasa, kisha MIG baadaye, na TIG nikiona naihitaji. Bajeti ni shilingi milioni mbili za Uganda, na humo lazima itoke helmeti, grainda na waya za umeme.

Umeme ni wa Yaka (mita ya kulipia kabla), fezi moja, soketi za ukutani ni zile za kawaida za 13 A. Mahali pa kufanyia kazi ni chini ya mwembe, mita 30 kutoka nyumbani. Jenereta ninayo, 3 kVA. Mtungi wa gesi sina. Nianzie wapi?

nguzo_hasi (Kampala)

Umeweka gesi mwisho wa orodha, na hapo ndipo uamuzi ulipo.

Mashine ya kazi tatu isiyo na mtungi ni mashine ya rodi uliyoilipia zaidi. TIG haiwaki bila argoni tupu. MIG ya waya mtupu (usio na unga ndani) inataka CO2, au mchanganyiko wa argoni 80 na CO2 20. Gesi hizo hazibadilishani: ukipitisha CO2 kwenye TIG, ncha ya tungsteni inaungua kwa sekunde chache na mshono unajaa weusi. Kwa hiyo "mashine moja" ukitaka kuitumia yote inadai mitungi miwili na regyuleta (vipunguza shinikizo) mbili, na dukani hakuna atakayekwambia. Wewe uko Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Kabla hujalipa mashine, uliza mjini kwenu nani anajaza argoni, nani anajaza CO2, na kama mtungi unauzwa au unakodishwa kwa mwezi. Mtu wa nyumbani asiyechomelea kila wiki huumizwa na kodi ya mtungi kuliko na gesi yenyewe.

Hesabu ya matumizi ni hii. Mtungi wa argoni wa lita 10 uliojazwa hadi bari 150 una gesi kama lita 1,500. TIG kwenye chuma hutumia lita 8 hadi 10 kwa dakika, basi una saa mbili na nusu hadi tatu za moto. CO2 huuzwa kwa uzito kwa sababu ndani ya mtungi ni kimiminika, na kilo moja hutoa takriban lita 540 za gesi. Kilo 10 kwa lita 12 kwa dakika ni saa saba na nusu za moto, ambazo kwa mtu wa nyumbani ni miezi. Geji ya CO2 isikudanganye: inasimama palepale mpaka kimiminika kimeisha, halafu inaanguka ghafla. Pima mtungi kwenye mizani.

Alumini itoe kwenye mpango kabisa. Mashine nyingi za kazi tatu za daraja hilo zinatoa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) tu. Alumini ina ngozi ya oksaidi inayoyeyuka kwenye nyuzi 2,000 na kitu, huku alumini yenyewe ikiyeyuka kwenye 660. Unapasha, unapasha, ngozi haijakatika, ndani kumeshakuwa uji, mara shimo. AC (umeme unaogeuka mwelekeo) ndiyo inayoivunja ngozi hiyo. Kama kibao cha mashine hakijaandikwa AC/DC upande wa TIG, muuzaji akikwambia "inafanya na alumini" mwambie akuonyeshe papo hapo. Tena sufuria ni nyembamba mno kwa mtu anayejifunza. Kiraka cha ribiti kinatosha.

Ushauri wangu: inveta ya rodi ya DC ya 160 A, yenye kuwasha TIG kwa kugusa na kuinua. Siku ukipata argoni, unanunua tu tochi yenye valvu yake mkononi. MIG isubiri.

fundi_umeme_jinja

Mimi nashika upande wa umeme, maana mashine yoyote kati ya hizo itakuchomea soketi kabla hujachomelea geti.

Volti za moto hukadiriwa kwa kanuni za kupimia mashine. Rodi ni 20 ujumlishe 0.04 mara ampea. MIG ni 14 ujumlishe 0.05 mara ampea. TIG ni 10 ujumlishe 0.04 mara ampea. Chukua 80 A kwa zote:

Rodi: volti 23.2, sawa na kilowati 1.86 kwenye moto.
MIG: volti 18, kilowati 1.44.
TIG: volti 13.2, kilowati 1.06.

Ndani ya inveta hupotea kiasi cha asilimia 15. Halafu inveta za bei nafuu hazina saketi ya kunyoosha mkondo, zinavuta umeme kwa mipigo, hivyo ugawanye tena kwa 0.7. Rodi kwa 80 A inakuwa kama 3.1 kVA ukutani, yaani 13 A kwenye volti 240. Umefika mwisho wa plagi yako, na hiyo ni rodi ya milimita 2.5 tu. Rodi ya 3.2 kwa 120 A inavuta karibu 21 A. Fyuzi ya 13 A haikatiki mara moja kwenye mzigo huo, inakaa ikipata joto, na kinachoyeyuka kwanza ni plastiki ya plagi kwenye pini ya fyuzi.

Fanya hivi. Toa laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya nyumba, waya wa milimita 6 za mraba, breka ya 32 A ya aina C (aina B inaruka kila ukiwasha mashine, kwa sababu kapasita zinajaa kwa pigo moja), na soketi ya bluu ya viwandani ya 32 A. Ethi iwe ethi kweli: msumari wa shaba ardhini, si waya uliofungwa kwenye bomba la maji. Kazi hiyo afanye fundi mwenye leseni, na aangalie kwanza kama laini inayoingia nyumbani inabeba huo mzigo.

Mita 30 hadi mwembeni: kebo ya milimita 1.5 za mraba inapoteza volti 11 kwa mkondo wa 15 A. Ya 2.5 inapoteza kama 7. Ya 4 inapoteza 4. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, volti zimeshashuka, na hizo 11 ndizo zinazofanya rodi igande kila ukiigusisha. Nunua ya 4 kama pesa inaruhusu, isiwe chini ya 2.5. Na ikunjue yote. Kebo iliyobaki kwenye gurudumu wakati wa kazi inajipika yenyewe.

Kuna anayefikiri aiache mashine nyumbani arefushe kebo za kuchomelea. Kwenye mita 30 kwenda na 30 kurudi za shaba ya milimita 25 za mraba, unapoteza volti 3.6 kwa 80 A, kati ya 23. Moto unakuwa mvivu. Na MIG hiyo njia haipo kabisa: tochi yake ni mita 3 au 4, basi, kwa sababu waya unasukumwa ndani ya bomba. Mashine lazima ije kwenye kazi. Inveta ya rodi ina kilo 4 au 5, unaitundika begani. Ya kazi tatu ni kilo 10 na zaidi bila spuli (gurudumu la waya wa MIG).

Jenereta ya 3 kVA: rodi ya milimita 2.0 kwa 60 A ni karibu 2.3 kVA, inakubali. Rodi ya 2.5 kwa 80 A imeshapita uwezo wake, itakohoa na volti zitayumba, na kuyumba huko ndiko kunakoua bodi ya elektroniki ndani ya mashine. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe mashine. Kuzima ni kinyume chake.

Yaka usiiogope. Rodi moja ya 2.5 inaungua kama dakika moja. Uniti moja inakupa rodi 25 hivi.

waya_08 (Mbale)

Naheshimu aliyosema nguzo_hasi, ila amempa mtu wa milimita 1.5 mashine ya rodi kana kwamba ni jambo dogo. Ni unene huohuo unaowakatisha watu tamaa. Kiungo cha T cha bomba la 1.5, rodi ya 2.5, mkono unaojifunza: kila kona shimo. Anayetaka meza na stuli anataka MIG, na kama anataka na bawaba za geti, mashine ya kazi tatu inampa MIG na rodi kwenye kisanduku kimoja. TIG aisahau, ichukulie kama zawadi.

Lakini mashine za kazi tatu hazifanani. Dukani, kabla ya kulipa, fungua mlango wa pembeni uangalie haya.

Nguzo za umeme zinabadilishika? Waya mtupu wenye gesi unataka tochi kwenye chanya. Waya wa unga usiohitaji gesi unataka tochi kwenye hasi. Mashine nzuri ina kipande cha kebo mbele, au boliti mbili ndani, za kugeuzia. Isiyo nayo itakupa mshono wenye matundu kama maandazi yaliyoumuka vibaya, na utalaumu waya bure.

Tochi inafunguka? Tafuta kiungo cha Yuro, kile kikubwa cha kuzungusha kwa mkono, na tochi ya aina ya 15, kwa sababu ncha na nozeli zake zinapatikana kirahisi. Tochi iliyofungwa moja kwa moja ndani ya mashine ikikatika waya, unabomoa mashine.

Spuli gani inaingia? Ya kilo 1 pekee ni hasara: waya wake huuzwa ghali kwa kilo, na haukai. Tafuta inayopokea kilo 5.

Rola: mfereji wa V wa 0.8 kwa waya mtupu, na rola yenye meno kwa waya wa unga. Ukiubana waya wa unga kwa rola ya V hadi usiteleze, unaupondaponda, unga unamwagika ndani ya mrija wa tochi, na baada ya spuli mbili waya unakwama.

Kwa bomba lako la 1.5, waya wa 0.8 aina ya ER70S-6, CO2 tupu: anza na volti 18, waya kama mita 4 hadi 5 kwa dakika, gesi lita 10 hadi 12, waya utokeze milimita 8 hadi 10 kutoka kwenye ncha. Ukitumia mchanganyiko wa argoni shusha volti moja. Sauti iwe ya mfululizo, kama mvua nyepesi juu ya bati. Ikigonga na kusukuma mkono wako nyuma, waya ni mwingi kuliko volti. Ikinguruma na kuacha matone makubwa kwenye ncha, volti ni nyingi.

CO2 ina kero mbili zaidi. Cheche zinazoganda pembeni ni nyingi, ziwekee patasi. Na regyuleta inaganda barafu ukichomelea mfululizo, kwa hiyo chukua yenye kipasha joto. Mtu asikuuzie mtungi wa kizimamoto cha CO2 kwa bei ya chini ukaufunga hivihivi: mingi ina mrija unaoshuka hadi chini, hivyo inatoa kimiminika badala ya gesi, na regyuleta inakufa. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo.

nguzo_hasi (Kampala)

waya_08, kwa 1.5 rodi inawezekana, tatizo ni watu kushika 2.5. Chukua rodi aina ya E6013 ya milimita 2.0, 45 hadi 55 A, rodi kwenye hasi, ili joto liende zaidi kwenye rodi kuliko kwenye bomba. Bana kiungo kisiwe na mwanya hata wa unene wa kadi ya simu. Shona vipande vya sentimita moja na nusu, ruka kona ya pili, rudi. Mahali pasipo na mwanya hapatoboki hovyo. Wengi wanaotoboa wamekata bomba kwa grainda ovyo, kisha wanataka moto uzibe milimita 3 za hewa.

Kuna jambo hukuligusa: bodi moja. Kwenye mashine ya kazi tatu, MIG, TIG na rodi zote zinapitia transista zilezile. Zikiungua, umepoteza zote kwa siku moja. Na bodi zikimwagiwa gundi nyeusi kiwandani, hakuna fundi wa Katwe (mtaa wa mafundi hapa Kampala) wala kwingine atakayeifukua. Mashine mbili ndogo, moja ikilala nyingine inafanya kazi.

waya_08 (Mbale)

Kweli, lakini kinachoua bodi mara nyingi si idadi ya kazi. Ni vumbi la grainda. Feni inavuta unga wa chuma, unga unakaa juu ya bodi, siku ya unyevu unapitisha umeme. Usisage karibu na mashine, sogeza mita tatu, na upepo uwe unatoka kwenye mashine kuelekea kwako. Kila baada ya miezi mitatu chomoa plagi, subiri dakika kumi kapasita zimwage umeme wake, fungua, puliza hewa kavu ya shinikizo dogo huku umeshika feni kwa kidole isizunguke.

bomba_mraba (Arua)

Asanteni, mmenitoa tongotongo. Nimepiga picha kibao cha ile ya kazi tatu. Upande wa MIG kimeandikwa: 200 A / 24 V, X 15%, U1 230 V, I1max 34 A, I1eff 13 A. Muuzaji anasema hiyo 13 ndiyo maana imekuja na plagi ya kawaida. Na je, nikitumia waya wa unga peke yake, gesi naikwepa kabisa?

fundi_umeme_jinja

Muuzaji amesoma mstari wa mwisho akaruka wa katikati.

X 15% maana yake ni dakika moja na nusu ya moto kati ya kila dakika kumi, kwa 200 A, kwenye joto la nyuzi 40. Ampea za mfululizo unazipata kwa kuzidisha 200 na kipeuo cha pili cha 0.15, yaani kama 77 A. Hiyo ndiyo mashine yako halisi: ya 77 A isiyopumzika, au kama 100 A kwa dakika sita kati ya kumi. Kwa stuli na keria, inatosha vizuri sana.

I1eff ya 13 ni hesabu hiyohiyo upande wa ukutani: 34 mara kipeuo cha pili cha 0.15. Ni wastani wa joto kwenye waya, mapumziko yakiwemo. Ukiwa unachomelea kwa 200 A inavuta 34, si 13. Ukibaki chini ya 80 A, plagi itavumilia. Ukipandisha kwa ajili ya engo ya milimita 5, uwe umeshafunga ile soketi ya bluu.

Angalau kibao hicho kinasema kweli, namba zinalingana. Ukikutana na iliyoandikwa 250 A kwa herufi kubwa pembeni, ina kebo ya 1.5 na haina kibao chenye X wala I1max, iache hapohapo. 250 A za rodi ni volti 30, kilowati 7.5 kwenye moto, karibu 9 ukutani. Hakuna plagi ya 13 A duniani inayopitisha hizo.

waya_08 (Mbale)

Waya wa unga: ndiyo, gesi unaikwepa, na chini ya mwembe ndio utakaokufaa kwa sababu upepo hauuondolei kinga. Gesi ya MIG au TIG inapeperushwa na upepo mdogo tu unaotikisa majani.

Chukua waya aina ya E71T-11 ya 0.8. Aina ya E71T-GS ni ya mshono mmoja tu, usiirundike tabaka juu ya tabaka kwenye bawaba. Tochi kwenye hasi. Waya utokeze milimita 15, si 8. Buruta tochi kuelekea kwako, kwa sababu waya huu unaacha slagi (gamba la takataka juu ya mshono), na ukiusukuma slagi inatangulia na kunaswa ndani. Moshi ni mwingi na mzito, kaa upande unakotoka upepo. Kwenye 1.5 unawezekana kwa mishono mifupi, ingawa si laini kama wa gesi. Kwenye milimita 2 kwenda juu unastarehe.

Spuli ukishaifungua usiiache ndani ya mashine msimu wa mvua. Itoe, itie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Waya ukishika kutu, unga wake umeshanyonya maji, na mshono unatoka na vijishimo kama vya minyoo juu yake.

nguzo_hasi (Kampala)

Basi kwa hiyo kazi ya waya wa unga nakubali mashine ya waya_08, mradi nguzo zinageuzika. Akikuta hazigeuziki arudi kwenye ya rodi.

bomba_mraba, bajeti usiimalizie kwenye mashine. Tenga kwanza ya laini ya umeme, kisha helmeti ya kujitia giza yenye vihisio vinne. Zenye viwili zinapofuka mkono ukikinga kimoja, na jicho linachomeka. Giza namba 10 kwa 80 A. Glavu za ngozi, diski za kukatia za milimita 1, klampu nne za C. Klampu ya kurudishia umeme inayokuja na mashine mara nyingi ni bati jepesi, badilisha iwe ya shaba nzito, uifunge kwenye chuma kilichosagwa mpaka king'ae, si juu ya rangi.

Keria za pikipiki na mabomba mengi yamepakwa zinki. Saga zinki sentimita tatu kila upande kabla ya moto. Moshi wake mweupe unaleta homa ya usiku mmoja, na mshono unatoboka matundu. Ukichomelea kwenye pikipiki yenyewe, chomoa betri kwanza, toa tangi la petroli uliweke mbali, na klampu ya kurudishia iwe karibu kabisa na kiungo, umeme usipite kwenye beringi za gurudumu.

fundi_umeme_jinja

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, usikae unasubiri. Chomoa. Unaporudi huja na kishindo, na vile vilinda-friji vya soketini havina uwezo wa mkondo wa mashine hii. Radi ikianza kunguruma, chomoa pia, halafu na wewe toka chini ya huo mwembe.